Kilo Zinapungua, Lakini Zipi?

Anayejinyima chakula bila mazoezi hupoteza mafuta na misuli pamoja, na mizani haimwambii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio la vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi, waliopunguziwa nishati kwa asilimia 40 kwa wiki 4 huku wakinyanyua vyuma. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito walipoteza mafuta kilo 4.8 na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Waliokula nusu yake walipoteza mafuta kilo 3.5, misuli ikabaki palepale. Kwa hiyo mazoezi ndiyo yanayoilinda, protini huongezea.

Nyama ni ghali, utasema. Dagaa na maharage je? Asiye na vyuma achuchumae na ndoo ya maji, ila mgonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini.