Kunyoa ndevu kwa wembe

Kunyoa ndevu kwa wembe ni kuondoa nywele za usoni kwa makali ya chuma baada ya kuzilainisha kwa maji na povu la sabuni. Makala hii inahusu hasa wembe mwembamba wenye makali pande mbili, unaofungwa ndani ya kishikio. Kishikio huacha sehemu ndogo tu ya makali itokeze, hivyo mtu anaweza kujinyoa mwenyewe bila ustadi wa kinyozi. Nchini Tanzania wembe huo hupatikana katika maduka ya rejareja mijini na vijijini, lakini mara nyingi hutumika bila kishikio, kwa kushikwa vidoleni au kuvunjwa nusu.

Kishikio hupunguza hatari ya kujikata. Hakizuii vipele vya ndevu wala maambukizi ya magonjwa. Hayo hutegemea maandalizi na usafi wa mtumiaji.

## Historia

Katika Afrika Mashariki wahunzi walifua nyembe za chuma kabla ya zile za viwandani kuenea. Kunyoa kulikuwa kazi ya watu wawili, kama inavyosema methali "Kinyozi hajinyoi". Methali nyingine, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji", hufundisha kujiandaa kwa jambo lililokwisha kumpata jirani. Inaonyesha pia kwamba kulowesha nywele kabla ya kunyolewa ni desturi ya zamani.

Huko Ufaransa, Jean-Jacques Perret alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1769 wembe wenye kinga ya mbao iliyozuia makali yasizame kwenye ngozi. Mmarekani King Camp Gillette aliongeza wazo la wembe mwembamba wa bei nafuu unaotupwa ukiwa butu. Mwaka 1903, ambao ulikuwa wa kwanza wa mauzo, kampuni yake iliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Hataza yake ilitolewa mwaka 1904. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanajeshi wa Marekani walipewa vishikio hivyo, na desturi ya kujinyoa nyumbani ikaenea.

Kuanzia miaka ya 1970 nyembe zenye mpini wa plastiki zilichukua sehemu kubwa ya soko. Katika saluni za Tanzania mashine za umeme ndizo zinazotumika zaidi, ingawa wembe bado hutumika kuchonga kingo za nywele na ndevu.

## Vipele vya ndevu

Watu wengi wenye asili ya Afrika wana ndevu zilizojikunja. Unywele uliokatwa karibu sana na ngozi hubaki na ncha kali. Ukiota kwa kujikunja, ncha hiyo huweza kuchoma ngozi na kurudi ndani yake. Mwili huushambulia kama kitu kigeni, na hapo hutokea vipele, muwasho, wakati mwingine usaha na madoa meusi. Hivyo kunyoa hadi ngozi iwe laini kabisa si lengo zuri kwa kila mtu. Mwenye vipele vingi hushauriwa kuacha kunyoa hadi vipone, au kupunguza ndevu kwa mashine na kuacha urefu wa milimita moja hivi.

## Maji katika uwanda wa kati

Jiji la Dodoma liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka ni takriban milimita 500 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi, na ngozi hupasuka kwa urahisi.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji imekuwa ikitoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora. Maji ya visima katika uwanda huu mara nyingi ni magumu, yaani yana chumvi za kalsiamu na magnesi. Chumvi hizo huungana na sabuni na kufanya utando mweupe badala ya povu. Bila povu la kutosha wembe hukwaruza. Kuchemsha maji huondoa sehemu ya ugumu huo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana tatizo hilo. Vikombe viwili au vitatu hutosha kunyoa ndevu mara moja.

## Hatua za kunyoa

1. Uso huoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha kitambaa safi chenye maji huwekwa juu ya ndevu kwa dakika mbili au tatu. Unywele ulionyonya maji hukatika kwa urahisi zaidi.
2. Povu zito hupakwa kwa brashi au kwa vidole.
3. Mwelekeo wa ndevu hutambuliwa kwa kupapasa. Shingoni mwelekeo huo mara nyingi hubadilika.
4. Kishikio hulazwa kwa pembe ya takriban digrii 30 kutoka kwenye ngozi. Uzito wake hutosha. Kukandamiza ndiko husababisha majeraha mengi ya wanaoanza.
5. Wembe hupitishwa kufuata mwelekeo wa ndevu, sentimita mbili au tatu kwa kila mkupuo, na kusuuzwa mara kwa mara.
6. Anayetaka kurudia hupaka povu upya na kupitisha wembe kwa upande. Kunyoa kinyume cha mwelekeo huongeza vipele.
7. Uso husuuzwa kwa maji baridi, hukaushwa bila kusuguliwa na kupakwa mafuta yasiyo na manukato. Spiriti huua vijidudu, lakini hukausha ngozi na kuichoma.

## Usafi na utupaji

Wembe mmoja ni wa mtu mmoja, hata ndani ya familia. Makali yanaweza kubeba damu isiyoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kusuuza kwa maji hakuviondoi. Virusi vya UKIMWI hudhoofika haraka zaidi vikiwa nje ya mwili, lakini navyo ni sababu ya kutochangia wembe. Anayenyolewa saluni anaweza kwenda na wembe wake au kutaka mpya ufunguliwe mbele yake.

Wembe hubadilishwa unapoanza kuvuta nywele badala ya kuzikata, kwa kawaida baada ya kunyoa mara chache. Uliokwisha kutumika huwekwa ndani ya kopo lenye kifuniko. Ukitupwa jalalani wazi huweza kuwakata watoto na wazoa taka, au kumezwa na mifugo inayotafuta chakula humo.