Mapendeleo au Mazoea? Juu ya Istilahi ya Nyumba Inayomjua Mkaaji Wake

Katika taaluma ya tarakilishi imo dhana inayosumbua watunga istilahi za Kiswahili: ile ya mitambo iliyofichwa kutani na darini, yenye kujilinganisha na mtu mmoja mmoja. Mark Weiser, wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, aliieleza mwaka 1991 kuwa ni tarakilishi nyingi zisizotambulikana, zikihudumu pasipo mtu kuzifikiria. Kule kujilinganisha kuitweje? Neno lililo karibu, ubinafsishaji, limekwisha kutwaliwa na wanauchumi kwa maana ya kuuza mashirika ya umma. Msomaji akilikuta hapa atadhani nyumba imepigwa mnada. Katika programu za simu hutumika mapendeleo. Neno hili halichukizi masikioni (ingawa nduguye, upendeleo, ana sifa mbaya), lakini linadai jambo ambalo mtambo hauliwezi.

Nyumba moja ya Boulder, jimbo la Colorado, yatosha kulithibitisha hilo. Katika miaka ya 1990 Michael Mozer, mwalimu wa chuo kikuu cha huko, aliitia nyumba aliyokuwa akiishi mwenyewe vihisi vipatavyo 75. Programu haikumwuliza apendacho. Yeye aliendelea kubonyeza swichi za kawaida, nayo ikajifunza humo: ataingia chumba gani, atahitaji maji ya moto wakati gani. Ilikusudiwa kutumia nishati kidogo bila kumuudhi mkaaji, na kila alipobonyeza swichi kuisahihisha, hilo lilihesabiwa kuwa ni udhia. Mara nyingine ilipunguza mwanga makusudi. Asipolalamika, ilichukulia kwamba mwanga ule unatosha.

Hapo ndipo penye kasoro ya neno mapendeleo. Kunyamaza si kupenda. Mtu aliyekaa katika nusu giza huenda amechoka, huenda ana mawazo, huenda ameona uvivu kuinuka. Mtambo umeona zoea lake tu.

Kwa hiyo kitenzi zoea kinafaa zaidi: nyumba humzoea mkaaji. Tena unyambuaji wake una manufaa. Mozer alisimulia kwamba alipochelewa kazini alijihisi ana wajibu wa kurudi, kwa kuwa nyumba ilikuwa ikimtarajia. Basi nyumba haikumzoea tu, bali pia ilimzoeza. Kauli ya kutendana huyakusanya yote mawili katika neno moja, kuzoeana, ilhali mapendeleo humwonyesha mtu kuwa ni mwenye kuhudumiwa tu.

Atakayepinga atasema kwamba kuzoeana ni kwa watu, tena kuna harufu ya utovu wa adabu. Ni kweli, aliyevuka mpaka huambiwa "usinizoee!" Lakini harufu hiyo haina hasara hapa, maana mtambo unaohesabu nyendo za mtu hadi chumbani mwake umekaribia mpaka huohuo. Yafaa basi kujaribu uzoeaji kwa kazi ya mtambo, uzoezaji kwa athari yake juu ya mkaaji, na uzoeanaji kwa hali nzima.