Ufukwe usio na kitu wauzwa ghali Namibia

MTU anayeutaka ufukwe wa Skeleton Coast, kaskazini magharibi ya Namibia, hana budi kupiga hesabu zake kabla ya kuondoka mji wa Swakopmund. Petroli, maji ya kunywa, chakula, matairi ya akiba na kibali cha kuingia hifadhini, vyote viwe tayari. Mbele ya safari hakuna duka la kukimbilia, hakuna gereji, wala muuza madafu chini ya mnazi.

Mnazi wenyewe haupo. Bahari ya Atlantiki inapiga moja kwa moja kwenye jangwa la Namib, na mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 50. Mkondo baridi wa Benguela unapita karibu na pwani, na hewa inayopoa juu yake hugeuka ukungu mzito unaoingia nchi kavu asubuhi. Maji ni baridi mwaka mzima na mawimbi ni makali. Hakuna anayekwenda kuogelea.

Hata hivyo wateja wapo, na baadhi yao hulipa kwa usiku mmoja fedha ambazo zingewatosha wiki nzima katika hoteli ya kawaida ya pwani. Wanacholipia ni ufukwe ambao haujajengwa. Swali linaloikabili Namibia ni je, bidhaa hiyo itaendelea kulipa vya kutosha ili iachwe ilivyo?

Chumvi bila muuzaji

Kutoka Swakopmund barabara ya C34 inafuata bahari kuelekea kaskazini hadi Henties Bay, mwendo wa kilomita zipatazo 70. Huo ni mji wa wavuvi wa ndoana, na msafiri mwenye busara hujaza tangi hapo. Kaskazini ya mji huo barabara imeshindiliwa kwa jasi na maji ya chumvi. Ikiwa kavu ni ngumu kama lami, lakini ukungu ukishuka huteleza kama sabuni.

Kando ya barabara kuna biashara ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo angeitazama mara mbili. Ni meza ndogo zilizopangwa vipande vya chumvi ya mawe, kila kimoja na bei yake, na pembeni kopo la kutilia fedha. Muuzaji hayupo. Mteja huchagua, hulipa mwenyewe na kwenda zake.

Mbele kidogo ni Cape Cross, ambako Mreno Diogo Cão alisimika nguzo ya mawe mwaka 1486. Wajerumani waliing'oa mwaka 1893 na kuipeleka kwao, na leo imesimama nakala. Wageni wengi huja kuwaona sili, ambao msimu wa kuzaa, Novemba na Desemba, hufika makumi ya maelfu na kunuka kutoka mbali. Sili hao hao huvunwa kwa ngozi na mafuta kuanzia Julai, jambo ambalo kwa miaka mingi limepingwa na watetezi wa wanyama. Ufukwe mmoja umekuwa na masoko mawili yasiyopatana.

Lango la mafuvu

Mto Ugab, ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu, ndio mpaka wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Skeleton Coast. Lango lake limechorwa fuvu na mifupa miwili. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1971 na inakwenda hadi mto Kunene, mpakani na Angola, urefu wa kilomita zipatazo 500. Huo ni umbali unaozidi kidogo safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na njiani hakuna kijiji hata kimoja.

Jina la "pwani ya mifupa" lilienea baada ya mwandishi John H. Marsh kulitumia katika kitabu chake cha mwaka 1944 juu ya meli ya Kiingereza Dunedin Star, iliyopanda mwamba Novemba 1942 ikiwa na watu zaidi ya 100. Abiria na mabaharia waliokolewa, lakini kwa gharama kubwa. Meli ndogo iliyokwenda kusaidia ilikwama pwani na mabaharia wake wawili wakafa, na ndege ya kivita iliyotua kutoa msaada ikanasa mchangani.

Pwani hiyo imewafilisi pia wenye mitaji. Karibu na mto Huab kumebaki vyuma vya mtambo wa kutafutia mafuta wa miaka ya 1960, vilivyoliwa na kutu. Terrace Bay, kituo cha mwisho ambacho mgeni wa kawaida anaruhusiwa kufika kwa gari, kilianza kama kambi ya wachimba almasi. Almasi hazikulipa, mwenye kambi akashindwa, na majengo yakaangukia mikononi mwa serikali. Leo wateja wake ni wavuvi wa ndoana na watu wanaotafuta utulivu.

Bidhaa inayopimwa kwa kijiko

Siri ya bei ni kwamba bidhaa haimwagwi sokoni. Anayepita tu kati ya lango la Ugab na lango la Springbokwasser hupewa kibali cha siku moja, na haruhusiwi kukata kona kwenda Terrace Bay. Uwanja wa mahema wa Torra Bay hufunguliwa Desemba na Januari pekee. Kaskazini zaidi gari binafsi kwa kawaida haliruhusiwi, na wageni hupelekwa na kampuni chache zenye mikataba, wengi wao kwa ndege ndogo. Familia ya Schoeman imekuwa ikiendesha safari za namna hiyo tangu miaka ya 1970.

Ukali huo una sababu. Gari likikanyaga uwanda wa changarawe huacha alama ambayo huweza kuonekana miongo kadhaa baadaye, kwa kuwa hakuna mvua ya kuifuta. Buabua wa Damara, ndege mdogo wa baharini, hutaga mayai yake chini, juu ya changarawe hiyo hiyo. Mbweha na fisi wa kahawia hutembea ufukweni kutafuta mizoga ya sili, na katika miaka ya karibuni simba wa jangwani wameonekana tena wakiwinda sili na ndege wa pwani.

Mwaka 2010 ilitangazwa hifadhi ya Dorob, kati ya Walvis Bay na mto Ugab, na hapo karibu pwani yote ya nchi, kilomita 1,570, ikawa chini ya hifadhi. Uendeshaji wa magari ufukweni ulibanwa. Wavuvi wa ndoana na wenye pikipiki za magurudumu manne walilalamika kwamba wamenyang'anywa ufukwe wao.

Majirani wapate nini?

Mlalamikaji mkubwa zaidi angeweza kuwa mkazi wa bara, nyuma ya hifadhi. Huko ndiko waliko wafugaji wa Kidamara, Kiherero na Kihimba, ambao mifugo yao huliwa na simba wale wale wanaopigwa picha na wageni. Kwa miaka mingi mgeni aliruka juu ya vichwa vyao kwa ndege, akarudi kwao, nao wasione senti.

Sheria ya mwaka 1996 ilibadili hesabu hiyo kwa kuruhusu wanavijiji kuunda hifadhi zao za jamii na kufanya mikataba na wawekezaji. Hifadhi ya Torra, iliyosajiliwa mwaka 1998, ilikuwa kati ya za kwanza, na imekuwa ikipata sehemu ya mapato ya kambi ya Damaraland. Mwaka 2018 ilifunguliwa ndani ya hifadhi ya taifa nyumba ya wageni ya Shipwreck Lodge, yenye vibanda 10 tu, na hifadhi za jamii za Puros na Sesfontein zikaingia katika ubia huo.

Hapo ndipo penye ugumu. Vibanda 10 havitoi ajira kwa mkoa mzima. Mkoa wa Kunene ni maskini na uko mbali na bandari ya Walvis Bay, na kwa miaka mingi limekuwa likizungumzwa wazo la kujenga bandari nyingine Cape Fria, ndani kabisa ya Skeleton Coast, ili ihudumie kaskazini ya nchi na majirani. Wanaoitaka wanasema ukungu hauliwi. Wanaoipinga wanajibu kwamba bandari ina reli, barabara, taa na maelfu ya watu, na siku ya kwanza ya ujenzi ndiyo siku ya mwisho ya biashara ya upweke.

Kila upande una hoja. Bandari inaweza kuhamishiwa penye kina kingine, na hoteli inaweza kujengwa popote penye mchanga na bahari, lakini ufukwe uliokwisha kukanyagwa haurudishwi kiwandani. Kwa upande mwingine, mfugaji aliyepoteza ng'ombe wanne kwa simba hawezi kuambiwa kila mwaka avumilie kwa ajili ya mgeni anayekuja kukaa siku tatu. Bei ya ufukwe mtupu itashikilia iwapo jirani naye atauona katika kipato chake.

Hali ya soko kwa ufupi

Petroli: Henties Bay, kisha Terrace Bay. Asijaribu mtu kubahatisha katikati.

Maji: Yabebwe ya kutosha siku mbili zaidi ya safari.

Samaki: Wapo kwa wingi, lakini kuvua bila kibali ni kosa, na idadi ya samaki kwa mtu ina kikomo.

Chumvi ya mawe: Barabarani, malipo kwenye kopo. Noti ndogo zinahitajika kwani hakuna wa kurudisha chenji.

Fedha: Dola ya Namibia, iliyoanza mwaka 1993, ni sawa kwa sawa na randi ya Afrika Kusini, na randi hupokelewa.

Upweke: Upo wa kutosha kwa sasa. Mzigo mpya hautarajiwi.