Uamuzi wa Serikali Kuhusu Nchi za Nje Hufikiwaje?

Mwanachama asomaye gazetini kwamba Serikali imevunja uhusiano na nchi fulani aghalabu hudhani kuwa jambo hilo limeamuliwa na mtu mmoja kwa siku moja. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi neno la mwisho ni la Rais au Waziri Mkuu. Lakini kabla ya hapo mabalozi huwa wamekwisha leta taarifa, Wizara ya Mambo ya Nje imekwisha toa ushauri, na Hazina imekwisha hesabu hasara. Mashauri hayo hayalingani, na mkuu wa nchi hulazimika kuchagua.

Tanzania ilipata mtihani huo mwaka 1965. Tarehe 11 Novemba walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru bila ya ridhaa ya Waafrika walio wengi. Mwanzoni mwa Desemba Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakaazimia kuwa iwapo Uingereza haitauzima uasi huo ifikapo tarehe 15 Desemba, nchi wanachama zitavunja uhusiano wa kibalozi nayo.

Kupitisha azimio kulikuwa kwepesi; gharama ilikuwa katika kulitekeleza. (Katibu wa chama ajuaye jinsi mikono inyooshwavyo mkutanoni na jinsi michango icheleweshwavyo hatashangaa.) Uingereza ilikuwa imekubali kuikopesha Tanzania paundi milioni 7.5, na mkataba ulikuwa bado haujatiwa sahihi. Tarehe 14 Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba heshima ya Afrika imo katika kutimiza neno iliyolitoa yenyewe. Siku ya pili yake uhusiano ulivunjwa, na mkopo ule ukazuiwa.

Hata hivyo uamuzi ulikuwa na mipaka yake: Tanzania haikujitoa katika Jumuiya ya Madola. Nchi nyingine zilizotekeleza azimio, zikiwamo Ghana na Misri, hazikufika hata theluthi ya wanachama wa Umoja. Serikali ya Smith haikuanguka kwa hatua hiyo, na kwa hesabu ya Hazina peke yake ilikuwa ni hasara tupu. Lakini hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa nchi changa isiyo na fedha wala jeshi kubwa haina kitu kingine cha kusikilizwa nacho ila neno lake.

Uhusiano na Uingereza ulirudishwa mwaka 1968. Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980.