Kasoro ya Hoja Si Uwongo wa Maelezo

Mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria nchini Marekani na Kanada, ulioanza kutolewa mwaka 1948, humpa mtahiniwa kifungu kifupi chenye hoja, kisha majibu matano ili achague moja. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zitiwazo alama ni za maswali ya namna hii. Adhaniaye kuwa ni chemshabongo tu aweza kuikosa nafasi ya kusomea sheria. Makala haya yanashughulikia swali moja miongoni mwa hayo, yaani lile liulizalo hoja ina kasoro gani.

Tuchukue mfano: “Mwezi Januari mji uliongeza askari wa doria. Kufikia Juni wizi ulikuwa umepungua. Kwa hiyo askari hao ndio walioupunguza.” Mtahiniwa asiyezoea huanza kubisha: askari wenyewe hula rushwa, takwimu za wizi haziaminiki. Hapo amekwisha kupotea. Maelezo mawili ya kwanza amepewa ayakubali kama yalivyo. Anachotakiwa kukipima ni ile hatua ya kutoka katika maelezo hadi hitimisho, ambayo mzigo wake wote umebebwa na “kwa hiyo”. Jambo kufuata jingine si kusababishwa nalo. Yamkini taa za barabarani ziliwekwa mwezi Machi.

Mtego wenyewe umo katika majibu. Moja litasema kwamba msemaji amejenga kanuni ya jumla juu ya mfano mmoja. Kasoro hiyo ni mashuhuri, lakini haimo humu, kwani msemaji hakudai lolote kuhusu miji mingine. Kila jibu lipimwe kwa maswali mawili: je, msemaji alilitenda jambo hili? Na kama alilitenda, je, ndilo liiangushalo hoja yake?

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, neno la kuchunguzwa ni “tu”, ambalo sarufi zetu aghalabu hulipitia kwa haraka. “Wenye leseni tu ndio wanaoruhusiwa kuendesha gari. Juma ana leseni. Basi anaruhusiwa.” Sentensi ya kwanza imetaja sharti ambalo pasipo hilo hapana ruhusa, haikusema kwamba sharti hilo latosha. Huenda Juma amelewa. Lau ingalisemwa “kila mwenye leseni anaruhusiwa”, hoja ingalisimama.

“Mpaka” nalo huficha kosa hilohilo, tena vizuri zaidi. “Huingii mpaka ulipe” haikuahidi kwamba ukilipa utaingia, ijapokuwa mlangoni sote huichukua kuwa ni ahadi.