Kuvinjari hazina ya msimbo katika Eclipse

Kuvinjari hazina ya msimbo ni kufungua na kusoma mafaili ya programu ya kompyuta, pamoja na historia yake, mahali yanapotunzwa. Eclipse, programu ya kutengenezea programu nyingine iliyotolewa na IBM kama programu huria mwaka 2001, ni mfano mzuri wa jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Eclipse ya miaka ya mwanzo ilitumiwa sana pamoja na CVS, mfumo wa kutunza matoleo ulioanzishwa na Mholanzi Dick Grune mwaka 1986. Mtumiaji aliandika jina la seva, mahali pa hazina, jina lake na nywila. Kisha orodha ilijitokeza yenye HEAD, yaani hali ya karibuni ya shina kuu, ikifuatwa na matawi na matoleo yaliyopewa majina. Faili lililofunguliwa hapo liliweza kusomwa tu. Anayetaka kulibadilisha alipaswa kwanza kuchukua nakala yake kwenye kompyuta yake.

Faida kubwa iko katika historia. Eclipse huweza kuonyesha kando ya kila mstari ni nani aliyeuandika na katika toleo lipi, hivyo hitilafu hufuatwa hadi chanzo chake. Katika CVS kazi hii ilichosha, kwa kuwa kila faili lilikuwa na namba zake lenyewe (1.1, 1.2 na kuendelea): badiliko moja lililogusa mafaili kumi liliacha kumbukumbu kumi.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhesabu badiliko lote kama kitu kimoja. Pia kwa kawaida hunakili historia nzima kwenye kompyuta ya mtumiaji, kwa hiyo anaweza kuivinjari hata intaneti ikikatika. Eclipse huifikia kupitia kiungo kiitwacho EGit.

Historia hiyo hutunza pia makosa. Nywila iliyoandikwa ndani ya msimbo kisha ikafutwa hubaki katika toleo la zamani, na yeyote mwenye ruhusa ya kusoma hazina anaweza kuifungua. Historia ya Git inaweza kuandikwa upya, lakini nakala zilizokwisha kuchukuliwa na wengine haziguswi. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza ni kubadilisha nywila yenyewe. Kusafisha hazina hufuata.