Mashine Ikisumbua Katikati ya Bahari

Leo tunazungumza na akina mama wanaosafiri kwa mashua na majahazi ya mashine, kama yale yanayobeba abiria huko Lamu, Faza na Kizingitini. Mengi yana injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo, chini ya kifuniko cha mbao, na abiria huketi karibu nayo. Je, mashine ikianza kusumbua safarini, mama mwenye watoto afanye nini?

Huenda ukasema hiyo ni kazi ya nahodha. Ni kweli, kutengeneza ni kazi yake. Lakini akiinamia injini, hawezi tena kuwaangalia watoto. Wa kuwaangalia ni wewe.

Hatari ya kwanza ni moshi. Ndani yake mna gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Damu huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hivyo mwili hukosa hewa hata kama mtu anapumua. Injini ya petroli huitoa kwa wingi kuliko ya dizeli, lakini hakuna moshi wa injini ulio salama. Bomba la moshi likitoboka, au turubali likiteremshwa pande zote kuzuia maji wakati wa kusi, moshi hubaki ndani pamoja nanyi.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea na kusinzia. Umeona, mama? Zinafanana sana na za mtu aliyelevywa na bahari! Kwa hivyo usiharakishe kusema, "Ni bahari tu, atazoea." Jiulize: ameketi karibu na mashine? Wenzake walio hapo nao wanalalamika kichwa? Ukishuku moshi, mwambie nahodha azime mashine. Inueni turubali. Mpeleke mtoto upande unakotoka upepo, na usimwache alale peke yake. Mkifika nchi kavu, nendeni hospitali hata kama amepata nafuu, na umweleze daktari kwamba alivuta moshi wa injini. Mama mjamzito asikose kwenda, kwa maana mtoto tumboni anaweza kudhurika hata mama akijisikia vizuri.

Hatari ya pili ni vitu vinavyozunguka. Kifuniko kikiondolewa, mkanda wa injini na chuma kinachozungusha rafadha huwa wazi. Vinaweza kunasa leso, buibui, mtandio au nywele kwa kufumba na kufumbua. Nguo ikinaswa usiivute. Piga kelele mashine izimwe kwanza.

Hatari ya tatu ni moto na maji ya moto. Injini iliyochemka isifunguliwe rejeta, kwani maji huruka na kuunguza uso. Ingojeeni ipoe. Kwenye chombo cha petroli, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kujikusanya chini kwenye ngama. Cheche moja inatosha. Pasiwe na sigara, kibatari wala jiko. Usiku tumieni tochi. Mkisikia harufu ya petroli, mashine isijaribiwe kuwashwa mpaka hewa ipite na mahali panapovuja pajulikane.

Basi mashine ikizima, fanyeni hivi:

Kwanza, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, watoto wakitangulia. Nahodha ateremshe nanga ikiwa kina kinaruhusu.

Pili, wasogeze watoto mbali na kifuniko. Mkubwa mmoja awashike, wala asiwe yule anayeshika tochi.

Tatu, kabla ya kujaribu kuwasha, nahodha atangaze kwa sauti, na kila mtu atoe mkono wake.

Nne, kamba au nyavu ikinasa rafadha, asiingie mtu majini kabla mashine haijazimwa kabisa na ufunguo kutolewa.

Na mtoto akiungua? Mwagie palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Akinywa petroli au dizeli, usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali haraka.

Mama, kabla ya kupanda chombo, tazama mambo mawili: je, mashine ina kifuniko? Je, kuna jaketi linalomtosha mwanao? Ukikosa, uliza. Kuuliza si kumvunjia nahodha heshima.

Mweleze na jirani yako haya uliyoyasikia.